Printa ya Mke wa Zima-Washa

Mtaa mzima ulimwita Zima-Washa, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa printa za majumbani, zile zinazopokea kazi kwa waifai bila waya, ambazo siku ya kununuliwa hutii kila neno na baada ya hapo hugoma kama punda. Akiitwa, alifika na begi lake la mgongoni, akazima printa, akazima ruta, akazima na kompyuta, kisha akaketi mikono mapajani kana kwamba amekuja kuposa. Baadaye aliwasha ruta kwanza, akaingoja itulie, akawasha printa, akamalizia na kompyuta. Katika nyumba nyingi kazi iliishia hapo. Karatasi ilitoka, na mwenye nyumba akabaki akimtazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kama ameibiwa.

"Yaani ni kuzima na kuwasha tu?" waliuliza.

"Ni kuzima na kuwasha kwa mpangilio," alijibu. "Hata chai ina mpangilio. Ukitia majani birika halina maji, utakunywa nini?"

Pale ambapo dawa hiyo haikutosha, alikuwa na swali lake moja, na alilisema kwa sauti ileile kila nyumba, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanamwigiza: "Umebadilisha ruta karibuni?" Lilikuwa swali la maana, msilicheke. Ruta nyingi za siku hizi zina njia mbili hewani, moja ya polepole inayofika mbali na nyingine ya kasi inayoishia karibu. Printa za zamani husikia ile ya polepole tu. Mtu akileta ruta mpya, akaizima njia ya polepole kwa uroho wa kasi, printa yake inabaki kiziwi, naye anaanza kuitukana, kuipiga makofi, na kuinunulia wino ambao haikuomba.

Mengine aliyoyakuta yalikuwa ya kuchekesha. Kuna karani mmoja alimwita akilalamika kwamba printa yake haitoi kitu hata abonyeze vipi. Zima-Washa akachungulia simu ya yule bwana, akakuta imejiunga na waifai ya jirani, ya wizi, kwa neno la siri alilolipata kwa mtoto wa jirani huyo. Barua yake ya kuomba kazi kwingine ilikuwa imetoka salama salimini, tena kwa rangi, kwenye printa ya jirani. Na jirani alikuwa ndiye bosi wake. Zima-Washa alifunga begi lake polepole, akasema, "Mzee, hapa ufundi umefika mwisho. Nenda ukaombe radhi."

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Mtu printa ikimgomea hubonyeza tena, na tena, na kila alichobonyeza hukaa kwenye foleni ndani ya kompyuta kikingoja zamu. Printa ikipona, vyote hububujika kwa pamoja, na wino unakwisha kwa upuuzi. Kwa hiyo kabla ya kuiponya printa, Zima-Washa aliifuta foleni yote. Aliifuta bila kusoma hata kichwa cha habari, maana kazi za watu ni siri za watu, na fundi anayechungulia siri haitwi mara ya pili.

Huyo ndiye Zima-Washa wa nje. Wa ndani ya nyumba yake alikuwa mtu mwingine. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi naongeza kwamba mara nyingi hata mkewe hamnyoi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha nyuma, chenye dirisha moja, meza ya kukatia, na vipande vya kitambaa vilivyojaa hadi chini ya kitanda. Ukubwani alijifunza kuchora nguo kwenye kompyuta: mbele, mgongo, mkono, kola, kila kipande na alama zake. Alivichapa kwenye karatasi za kawaida, akaziunganisha kwa selotepu kwenye meza, akawa na karatasi kubwa ya kuwekea juu ya kitambaa na kufuatisha kwa chaki. Kwenye karatasi ya kwanza aliandika daima jina la mwenye nguo na vipimo vyake. Wateja walimpenda kwa sababu nguo yake ilimkaa mtu kama imezaliwa naye.

Printa aliletewa na mumewe. Ilikuwa imetupwa na mteja mmoja, Zima-Washa akaikokota nyumbani, akaifungua sebuleni juu ya gazeti, akaisafisha hadi kucha zake zikawa za bluu. Siku ilipotoa karatasi ya kwanza, mkewe alimshika mkono akamzungusha kati ya cherehani na meza mpaka bakuli la pini likamwagika. Waliziokota pini wote wawili wakiwa wamepiga magoti, wakicheka kama watoto. Ninaitaja siku hiyo kwa makusudi, ili msije mkadhani kwamba mtu huyu hakumpenda mkewe. Alimpenda. Kupenda hakukuwa tatizo lake hata siku moja.

Kisha printa ikagoma. Mkewe alimwambia siku ileile.

"Baba, printa yangu haitoi."

"Nitaitazama kesho, mama."

Kesho yake alirudi amechoka, amezunguka nyumba za watu tangu asubuhi, na akatazama mpira. Keshokutwa akasema, "Hiyo itakuwa uzee tu. Imezeeka kama sisi." Wiki iliyofuata akasema, "Nipe flashi yako, nitakuchapishia hukohuko mjini." Alipewa flashi yenye magauni ya wateja, ikalala mfukoni mwake siku kadhaa, ikafuliwa pamoja na suruali. Mkewe hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alianika suruali, akaianika na flashi pembeni yake kwenye kamba, kwa kibanio chake yenyewe. Zima-Washa aliiona, akacheka, na akasahau. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini anayengojesha mara nyingi ni mtu aliyeshiba.

Kitu kimoja zaidi. Mama huyu moyo wake haukuwa mzima. Miguu ilimvimba jioni, na daktari alimkataza vilima na jua kali. Duka la kuchapisha na kutoa kopi lililokuwa karibu nao liko juu ya kilima, mwisho wa barabara isiyo na kivuli. Zima-Washa alikijua kilima hicho na alilijua neno la daktari, kwa sababu alikuwa amekaa kiti cha pembeni lilipotamkwa.

Asubuhi moja, mumewe akiwa kwa mteja, mama alitoka na mkoba wake akapanda kilima. Mwenye duka alisimulia baadaye kwamba alifika akihema, akakuta wengine mbele yake, akaketi kwenye benchi kungoja zamu. Alikuwa mchangamfu, akatania kwamba amekuja kuchapisha siri. Zamu yake ilipofika, mwenye duka alimwita, "Karibu, mama," na hakuitika. Alimwita tena. Alikuwa ameegemea ukuta, flashi iko mkononi, macho yamefumba kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Binti yao wa pekee alikuwa akiishi na kufanya kazi mji mwingine. Alikuja kwa mazishi na hakuondoka tena. Hakumpigia baba yake kelele, kwa hilo alifanana na mama. Alimpikia, alimfulia, alimwamkia asubuhi. Lakini jioni moja wageni walipokwisha kutawanyika, alisema akiwa amempa mgongo, anasuuza vikombe:

"Baba, mama alikwenda kule kufanya nini?"

"Kuchapisha."

"Na hapa nyumbani kuna printa."

"Ilikuwa mbovu."

"Na baba yangu ni fundi wa nini?"

Zima-Washa aliinuka akaenda kulala. Tangu siku hiyo walizungumza kuhusu chumvi na sabuni, na mvua kama itanyesha. Zima-Washa alikonda. Shati lake moja, lile la kazini ambalo mkewe alikuwa akimsimanga nalo, lilianza kumning'inia. "Unaingia nyumba za watu na kola imechanika kama imetafunwa na mbuzi," mama alikuwa akimwambia. Naye alikuwa akijibu, "Watu wanaangalia printa, mama, hawaniangalii mimi."

Daktari alisema moyo ule ulikuwa umechoka, kwamba pengine ungesimama hata nyumbani, kitini. Zima-Washa alilishika hilo neno "pengine" usiku na mchana, lakini halikumshika. Aliendelea kwenda kazini. Aliwasha printa za watu. Cha ajabu ni kwamba hakuingia chumba cha nyuma hata mara moja. Akipita mlangoni alitazama upande wa pili.

Siku binti alipoamua kuendeleza cherehani ya mama yake, alimkuta baba yake mezani akaweka sahani mbele yake.

"Nataka printa ya mama ifanye kazi," alisema. "Wateja wake wameanza kuja kwangu. Kama huwezi, sema, niite fundi mwingine."

Fundi mwingine! Aingie nyumba ya Zima-Washa na begi lake, apite sebuleni, mtaa mzima unaona! Lakini si aibu ya mtaa iliyomwinua. Aliogopa kwamba binti akishamwita mtu mwingine kwa hilo, hatamwita yeye tena kwa lolote. Aliacha chakula, akachukua begi lake, akaingia chumba cha nyuma.

Kila kitu kilikuwa pale pale. Miwani ya mama juu ya cherehani, uzi mweupe bado umo tunduni mwa sindano. Printa ilikuwa rafuni chini ya kitambaa alichoifunikia mama isipate vumbi. Zima-Washa alikitoa kitambaa hicho akakikunja vizuri. Akazima, akawasha, kwa mpangilio. Taa ya waifai kwenye printa ikapepesa, ikapepesa, haikutulia. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake akiwasha kompyuta. Na Zima-Washa, kwa mazoea ya miaka, macho yakiwa kwenye taa ile, akauliza kwa sauti yake ya kila nyumba:

"Umebadilisha ruta karibuni?"

Binti aligeuka akamtazama.

"Uliibadilisha wewe, baba. Mama aliniambia kwenye simu. Ulileta mpya ili mpira usikatike."

Zima-Washa aliyatoa macho kwenye taa. Kweli aliileta. Mteja mmoja alikuwa amempa, naye akaifunga sebuleni siku hiyohiyo kabla ya mechi, akaipa jina lilelile na neno la siri lilelile ili asisumbuke kuunganisha simu upya, na akaizima njia ya polepole kwa mkono wake mwenyewe. Hakuikumbuka printa. Kosa alilolikemea katika kila nyumba ya mtaa alikuwa amelifanya kwake, halafu akaisingizia printa uzee. Na mkewe alimwamini, kwa sababu nani atabishana na fundi?

Alikwenda sebuleni, akafungua mipangilio ya ruta kwenye simu yake, akairudisha ile njia ya polepole. Ilikuwa ni kugusa mahali pamoja tu. Hata chai isingewahi kupoa. Aliporudi, taa ya printa ilikuwa bado inapepesa, inatafuta.

"Ipe muda," alisema. "Kwanza nifute foleni."

Akainama begani kwa binti yake, akafungua dirisha la kazi zinazongoja. Ilikuwa foleni ndefu. Kama ilivyo desturi yake, hakusoma. Alisogeza kishale mpaka kwenye neno la kufuta yote, na kidole chake kilikuwa tayari, binti alipomkamata kifundo cha mkono.

"Usifute."

"Ni marudio tu, mwanangu. Vitamaliza wino."

"Ni vya mama. Acha vimalize wino."

Taa ikatulia. Printa ikakohoa ndani kwa ndani, ikavuta karatasi, ikaanza.

Mwanzoni vilitoka vipande vya magauni, majina ya wateja juu yake, binti akavitambua na kuviweka pembeni. Kisha ikatoka karatasi ambayo aliishika mkononi muda mrefu. Ilikuwa kona ya shati la kiume, na juu yake mama alikuwa ameandika: *Mzee wangu. Shati la kazini.* Chini yake mabega, kifua, shingo, mkono, vipimo vyote, na mwisho kabisa: *Kola ngumu, isichanike.*

Printa haikusimama. Ikatoka mbele ya shati, ikatoka mgongo, mkono, kola. Halafu ikaanza upya: *Mzee wangu. Shati la kazini.* Mbele, mgongo, mkono, kola. Halafu tena. Siku baada ya siku, mumewe akiwa nje, mama alikuwa amefungua mchoro ule akabonyeza, akangoja, ikakataa. Akasikia "nitaitazama kesho", akaamini, na kesho akabonyeza tena. Magauni ya wateja angeweza kumpa mumewe akachapishe mjini. Shati hilo hakuweza kumpa, kwa kuwa lilikuwa la mume mwenyewe, na alitaka kumshtukiza. Trei ilijaa, karatasi zikaanza kumwagika sakafuni, na hakuna aliyeziokota. Shati la mwisho lilikuwa na mistari hafifu ya kijivu, wino unakwisha, lakini liliisha lote.

Printa ikasimama. Binti ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa na hasira na kilio kwa pamoja.

"Kumbe alipanda kilima kile kwa ajili ya shati lako."

"Ndiyo," alisema baba yake.

Hakumtaja daktari, hakulitaja lile neno "pengine". Alipiga magoti sakafuni, pale walipookota pini siku ile, akaanza kuziokota karatasi moja moja na kuzilaza kifuani, na ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kama mtu mzima asiyejua kulia, akigugumia, akiomba radhi kwa karatasi. Binti alimtazama. Alikuwa amejiandaa miezi hiyo yote kumwambia maneno makali, na sasa aliona kwamba hakuna neno atakalomwambia ambalo karatasi hazijamwambia. Aliteremka kitini, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kuokota naye.

Walichukua nakala iliyotoka vizuri, wakaiunganisha kwa selotepu mezani, baba akishika kingo, binti akibandika. Kitambaa hakikuwa cha kutafutwa. Kilikuwa kwenye droo ya chini, bluu iliyoiva, kimekunjwa, kimeshanunuliwa. Kabla ya kukata, binti alimsimamisha baba yake katikati ya chumba, akamwekea ile karatasi mgongoni. Ukingo ulipita mabega yake pande zote mbili. Akachukua futi ya mama yake akampima, akatazama namba, akatazama karatasi, akapima tena.

"Umekonda, baba," alisema polepole. "Nipunguze?"

"Usipunguze."

"Litakuvuka."

"Kata alivyochora."

Alilikata alivyochora mama yake, akalishona kwa uzi ule uliokuwa tayari tunduni, na kola akaiweka ngumu. Printa ya chumba cha nyuma sasa hufanya kazi, na Zima-Washa huitazama kila asubuhi kabla ya kutoka, hata kama haina neno. Kazi za watu bado anafanya, ila foleni hazifuti tena kabla ya kumuuliza mwenyewe: "Hapa kuna kitu cha mtu?" Wengi humshangaa. Na katika nyumba anazoingia hakosekani mwenye macho ya kumwambia, kwa utani mwema, kwamba shati ni zuri ila limemzidi, fundi aliyelishona hakumpima sawasawa.

"Alinipima sawasawa," hujibu, akiinama kuzima ruta. "Mimi ndiye niliyechelewa kulivaa."